Nilichojifunza Mawinguni Juu ya Uvinza



Mhariri ameniomba niandike somo fupi la urubani, maana pale kwenye vimbweta swali ni lilelile kila siku: "Kaka, hivi ndege ikiingia kwenye wingu, rubani anaona nini?" Jibu fupi: haoni kitu. Jibu refu ndilo hili hapa, na itabidi nilianzie nyumbani kwetu Ujiji, kwenye msiba wa bibi yangu, kwa sababu hapo ndipo nilipolielewa mwenyewe. Kabla ya hapo nilikuwa nimelikariri tu, kama tunavyokariri desa usiku wa kuamkia mtihani.

Leseni moja, ruhusa mbili

Nasoma Fizikia, mwaka wa tatu. Kabla sijaja chuo, ami yangu anayefanya kazi Muscat alinilipia mafunzo ya leseni ya urubani binafsi. Leseni hiyo inakuruhusu kurusha ndege ndogo bila kumtoza mtu nauli, na kwa kawaida unaruka pale tu unapoona nje kwa macho yako. Kanuni za kimataifa zimeweka vipimo: ukiwa chini ya futi 10,000, kwa jumla uone mbele angalau kilomita 5, ukae mbali na wingu mita 1,500 kwa ubavuni na mita 300 kwa juu au kwa chini. Vikipungua hivyo, huna ruhusa ya kuwa pale.

Ukitaka kupita ndani ya mawingu, inabidi uongeze idhini ya pili juu ya leseni yako, yaani idhini ya kuruka kwa ala. Marubani wanaiita IR. Ukisema ala, wengi wanafikiria ngoma, zeze na marimba. Mimi nazungumzia zile saa za duara zilizojipanga mbele ya rubani, za kuonyesha mwendo, kimo na jinsi ndege ilivyolala.

Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ICAO, linataka mwombaji awe na saa zisizopungua 50 za safari za mbali akiwa rubani mkuu, na saa 40 za kuruka kwa ala. Katika hizo 40, saa zisizozidi 20 unaweza kuzifanya ukiwa chini, kwenye mashine ya mazoezi. Zikifanyika kwenye mashine ile kubwa inayoiga ndege kamili, zinaweza kufika 30. Zilizobaki ni hewani.

Mimi na mwenzangu mmoja tulikuwa tunasaka hizo saa 50. Ndivyo tulivyojikuta Tabora mwishoni mwa Oktoba, wiki moja kabla ya chuo kufunguliwa, na ndege ya kukodi ya viti vinne. Wakati huo nilikuwa na saa 6 tu za mafunzo ya ala.

Simu ya saa nne usiku

Saa nne usiku simu ikaita. Mama.

"Mwanangu, bibi yako ametutoka. Tunazika kesho baada ya adhuhuri."

Bibi ndiye aliyenilea tangu nikiwa darasa la pili. Nilimjua kwa harufu ya mawese na dagaa wa kukaanga, na kwa kunifokea kila nilipochelewa kurudi ufukweni. Nikapiga hesabu haraka. Basi la alfajiri kutoka Tabora lisingewahi mazishi. Treni ndiyo usiseme. Lakini ndege! Tabora hadi Kigoma, kwa mstari ulionyooka, ni kama kilomita 350. Kwa ndege yetu ya kilomita 200 kwa saa, ni saa moja na dakika 45. Tukiondoka saa moja asubuhi, saa tatu kasorobo niko Kigoma, saa tatu na nusu niko Ujiji.

Asubuhi tukauliza hali ya hewa. Tukaambiwa Kigoma kuna mawingu ya chini na mvua nyepesi, huenda yakapanda baadaye. Nataka msomaji uone nilivyoisikia taarifa hiyo. Maneno "mawingu ya chini" yalipita. Neno "huenda" ndilo lililobaki masikioni. Mwenzangu, ambaye ana saa nyingi kunizidi, alisema, "Kaka, tungoje hadi saa tatu." Nikamjibu kwamba saa tatu ni kuchelewa. Mimi ndiye niliyekuwa rubani mkuu siku hiyo, kwa hiyo kosa la kuondoka ni langu, si lake.

Mwanzoni anga lilikuwa zuri. Tuliifuata reli, kama marubani wengi wa ndege ndogo wanavyofanya, maana reli ya kati haipotei: ukiishika Tabora inakupeleka hadi mwisho wa reli. Tulipokaribia Uvinza, kule kwenye chumvi, mawingu yakaanza kushuka. Nami nikashuka nayo. Kila yaliposhuka futi 200, nilishuka futi 200, nikijiambia kwamba bado naiona reli. Vilima vilikuwa vinakuja, lakini bado naiona reli.

Halafu sikuiona.

Watu wanadhani wingu lina mlango, kwamba utaona ukuta mweupe mbele na utaamua uingie au usiingie. Sivyo. Kioo kilikuwa cha kijivu, kikawa cha kijivu zaidi, kisha hapakuwa na ardhi, hapakuwa na anga, hapakuwa na kitu. Nikakaza macho nje kuitafuta reli. Sijui nilikaza kwa sekunde ngapi. Niliporudisha macho ndani, ala ilionyesha ndege imelala upande wa kushoto, pua imeinama, na mshale wa kimo unashuka. Mwili wangu wote, naapa, ulikuwa unaniambia tumenyooka vizuri kabisa. Nilipoanza kuinyoosha ndege, mwili ukapiga kelele kwamba sasa ndio tunapinduka kulia. Mkono wangu ukataka kurudisha ndege kushoto, kule kule kwenye hatari.

Mwenzangu akasema kwa sauti ya chini, "Kaka, achana na nje. Tazama ala."

Zile saa 6 zikafanya kazi yake. Mwalimu wangu alikuwa amenifundisha mpangilio mmoja hadi nikauchukia: kwanza nyoosha mabawa kwa ala, pili angalia mwendo, tatu shika kimo, ukishatulia ndipo ugeuze. Kugeuza kwa ala kuna mwendo wake wa kawaida, nyuzi 3 kwa sekunde. Nyuzi 180 za kurudi ulikotoka ni sekunde 60 kamili. Nikahesabu kwa sauti, moja hadi sitini, nikiwa nimelia bila kujua. Tulipotoka kwenye wingu, reli ilikuwa upande wa kushoto, imelala kimya.

Tukarudi Tabora. Nilikaa chini ya bawa la ndege, nikampigia mama. Nilijua ataumia. Nikamweleza kila kitu, pamoja na ujinga wangu. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, leo tunachimba kaburi moja. Linatosha."

Bibi alizikwa bila mimi kuwepo. Nilifika kesho yake kwa basi.

Kwa nini mwili unadanganya

Sasa tuingie darasani. Ndani ya sikio, mbali kule ndani, kuna mirija mitatu iliyopinda nusu duara, kila mmoja umeelekea upande wake. Imejaa majimaji, na ina vinyweleo vidogo sana vinavyohisi majimaji hayo yanapobaki nyuma. Ukigeuza kichwa, mrija unakwenda, majimaji yanachelewa, vinyweleo vinapinda, ubongo unapata taarifa: tunageuka. Kwa mtu anayetembea kwa miguu, mfumo huu hauna mpinzani.

Tatizo ni kwamba mfumo unahisi mabadiliko ya mzunguko, hauhisi mzunguko wenyewe. Ukizunguka kwa mwendo uleule kwa sekunde kama 20, majimaji yanaufikia mwendo wa mrija, vinyweleo vinasimama wima, na ubongo unaambiwa hakuna kinachozunguka. Ukisimamisha mzunguko, majimaji yanaendelea mbele kwa nguvu yake, vinyweleo vinapinda upande wa pili, na ubongo unaambiwa unazunguka kinyume. Tena, ndege ikilala taratibu sana, hata huo mwanzo sikio halitausikia.

Usiniamini kwa maneno. Tafuta kiti cha ofisi kinachozunguka. Kaa, funga macho kwa kitambaa, inamisha kichwa kidogo, mwenzako akuzungushe polepole kwa mwendo mmoja. Mwambie kwa kidole unaelekea wapi. Baada ya muda utasema umesimama, na watu watacheka kwa sababu bado unazunguka. Akikusimamisha, utaapa unazunguka upande wa pili. Fanyeni kwenye sakafu iliyo wazi, na mtu wa kumshika, msije mkaniletea kesi.

Sasa kihamishie kiti hicho juu ya Uvinza. Ndege imelala kushoto polepole, sikio limekubali kwamba huo ndio unyoofu. Ndege ikilala, pua inainama na mwendo unaongezeka. Rubani anaona kimo kinapotea, anavuta usukani ili apande. Lakini kwa kuwa ndege bado imelala, kuvuta kunakaza tu mzunguko. Inashuka kwa kuzunguka, kila mzunguko mkali kuliko uliotangulia, na wakati wote huo mwili unasema tumenyooka.

Mwaka 1954 watafiti wa Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani, walichukua marubani 20 wasio na uzoefu wa ala, wakawaondolea uwezo wa kuona nje wakiwa hewani, na rubani wa usalama pembeni. Wote 20 walipoteza udhibiti wa ndege. Wastani wa muda ulikuwa sekunde 178, yaani hazifiki hata dakika tatu. Habari njema ni kwamba utafiti huohuo ulikuwa na sehemu ya pili: walifundishwa hatua chache za kunyoosha ndege na kugeuka nyuzi 180, na baada ya hapo karibu kila jaribio lilifaulu. Nilipousoma utafiti huu nikiwa maktaba, nililazimika kutoka nje kupunga upepo.

Taa za ziwani

Usiku wa hitima nilikaa ufukweni Ujiji na mjomba wangu, ambaye ni mvuvi wa dagaa.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba mjomba. Nasikia ulipotea ukiwa juu."

Nikakubali. Usiku ule hapakuwa na mwezi. Wenyeji wa Kigoma mnajua maana yake: dagaa hufuata mwanga, kwa hiyo mwezi ukiwa mkubwa taa hazina kazi, na giza likiwa zito ndipo wavuvi wanapotoka kwa wingi. Zamani zilikuwa karabai, siku hizi nyingi ni taa za betri na sola. Mbele yetu ziwa lilikuwa limejaa taa kama mji.

Mjomba akaniuliza, "Hebu nionyeshe, taa ya mwisho ni ipi, na nyota ya kwanza ni ipi?"

Nikatazama sana. Sikuweza kusema. Taa za mbali zilikuwa zimeungana na nyota, na ule mstari wa ziwa na anga haukuwepo. Hapo nikaelewa kwa macho jambo ambalo kwenye vitabu vya urubani lina jina lake: upeo wa uongo. Rubani akiwa juu ya maji usiku, taa za wavuvi zikipangana kwa mshazari, jicho linaweza kuzishika zile taa kama ndio mstari wa upeo, na mkono ukailaza ndege ili ilingane nao. Au taa zikageuka nyota, na aliye chini akajiona yuko juu. Na kwenye ziwa letu, usiku wenye giza zaidi ndio wenye taa nyingi zaidi.

Tatizo hili si la ziwa letu peke yake. Tarehe 16 Julai 1999, John F. Kennedy Mdogo, mtoto wa yule rais wa Marekani, alikuwa anarusha ndege yake usiku kuelekea kisiwa cha Martha's Vineyard, juu ya bahari, hewa ikiwa na utusitusi. Alikuwa rubani binafsi. Mafunzo ya kuruka kwa ala alikuwa ameyaanza, hajayamaliza. Alikufa yeye, mke wake na shemeji yake. Uchunguzi wa serikali ulisema alishindwa kuidhibiti ndege kwa sababu ya kupotewa na mwelekeo. Ukisoma habari hiyo ukiwa na saa 6 za ala mfukoni, huisomi kama habari ya mtu mwingine.

Mjomba aliponisikiliza hadi mwisho, akacheka kidogo. "Sisi ukungu ukitukamata ziwani, nawaambia vijana: nionyesheni Ujiji iko wapi. Kila mmoja ananyoosha kidole kwake, na kila mmoja ana hakika. Mimi natazama dira."

Ala sita na hakimu mmoja

Ndege za mazoezi za mtindo wa zamani zina ala sita za msingi. Tatu zinatumia mgandamizo wa hewa: kipima mwendo, kipima kimo, na kile kinachoonyesha kasi ya kupanda au kushuka. Tatu zinatumia jiroskopu: upeo wa bandia unaoonyesha ndege imelalaje, dira ya jiroskopu, na kiashiria cha kugeuka.

Jiroskopu usiiogope. Ni pia tuliyochezea utotoni. Pia ikizunguka kwa kasi inasimama wima, hata ukiuinamisha ubao ulio chini yake. Ndani ya upeo wa bandia kuna pia ya namna hiyo: ndege inalala, pia hailali, na tofauti kati yao ndiyo unayoisoma. Sikio lako linachanganyikiwa na mzunguko mrefu. Pia haina habari nao.

Kipima kimo nacho ni kopo linalopima hewa. Ukipanda, mgandamizo unapungua, na karibu na ardhi hektopaskali 1 ni kama futi 30. Lakini hewa yenyewe hubadilika kila siku, kwa hiyo unapiga redio kuuliza mgandamizo wa mahali unapokwenda, unaurekebisha. Ukikosea hektopaskali 10, kimo chako kina uongo wa futi 300. Kwenye mwanga utaona mapema. Kwenye wingu, vilima vya Kigoma ndivyo vitakavyokusahihisha.

Hapa ndipo wengi tunakosea kuelewa. Somo la IR halisemi "amini ala" basi ikaisha. Ala nayo inaweza kufa. Kwenye ndege nyingi ndogo, upeo wa bandia na dira ya jiroskopu vinaendeshwa na pampu moja. Pampu ikifa, vyote viwili vinakufa polepole, tena vikiwa bado vinaonyesha kitu. Kwa hiyo mwalimu anakubandikia karatasi juu ya ala hizo mbili na kukwambia, "Endelea." Unabaki na kiashiria cha kugeuka, ambacho kwa kawaida kina umeme wake, pamoja na kipima mwendo, kimo na dira ya kawaida. Unajifunza kukaa kama hakimu wa mahakama ya mwanzo: shahidi mmoja akisema tunashuka, unamuuliza wa pili, kisha wa tatu. Wakikubaliana, unahukumu. Akitofautiana mmoja, unamtoa. Mwili wako ni shahidi aliyekwisha kupatikana na hatia ya uongo, na hapandi tena kizimbani.

Mafunzo yenyewe yakoje

Nilirudi kwa mwalimu baada ya msiba. Nikamweleza. Hakunifokea. Alinipa kofia yenye ukingo mrefu, ile inayokufunika usione nje ukabaki na dashibodi peke yake, tukaruka.

Kazi ya kwanza ni kuzungusha jicho: upeo wa bandia, dira, upeo wa bandia, kimo, upeo wa bandia, mwendo. Makosa ni yaleyale kwa kila mwanafunzi. La kwanza, kuganda kwenye ala moja. Unarekebisha kimo, unakipata, unafurahi, kumbe dira imehama nyuzi 20. La pili, kuisahau ala moja kabisa. La tatu, kuipenda ala moja kupita kiasi. Mimi ugonjwa wangu ni wa kwanza, na nadhani ndio uliotaka kuniua Uvinza: niliganda kwenye reli.

Kisha kuna hesabu, na hesabu za kwetu ni nzuri kwa kujifunzia. Uso wa Ziwa Tanganyika uko kama mita 773 juu ya usawa wa bahari. Ukienda kusini, kwenye milima ya Mahale, kilele cha Nkungwe kina mita 2,462. Kanuni inasema kwenye maeneo ya milima, aliye kwenye ala awe angalau mita 600 juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote ndani ya kilomita 8. Jumlisha: mita 3,062, zaidi ya futi 10,000. Hapo ndipo unapopita Mahale ukiwa kwenye wingu. Mimi siku ile juu ya Uvinza nilikuwa nashuka kuitafuta reli.

Hesabu ya pili ni mafuta. Kwa ala, unabeba mafuta ya kufika unakokwenda, ya kwenda uwanja mbadala, na ya dakika 45 zaidi. Tabora hadi Kigoma ni saa 1 na dakika 45. Ukiiweka Tabora kuwa mbadala, ongeza saa 1 na dakika 45. Weka na zile 45. Jumla saa 4 na robo, kwa safari ya chini ya saa 2. Bujumbura iko karibu zaidi, kama kilomita 170, lakini ni nchi nyingine na ina ruhusa zake, hivyo huipangi kienyeji asubuhi ya safari.

Na hesabu ya tatu ndiyo fupi kuliko zote. Unaposhuka kwa ala kuelekea uwanja, kuna kimo kilichoandikwa. Ukikifikia na hujauona uwanja, unapanda na kuondoka. Hakuna "nishuke kidogo tu". Hapo hawakuulizi una msiba, una harusi, au abiria wako ni nani.

Usidhani mambo haya ni ya kale sana. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, ndege za Wabelgiji zinazotua majini zilitoka upande wa Kongo kuja kuishambulia Kigoma, ilipokuwa meli ya Kijerumani Graf von Götzen, hii ambayo leo tunaiita Liemba. Marubani wale walivuka ziwa kwa macho, maana upeo wa bandia haukuwepo. Ni tarehe 24 Septemba 1929 ndipo Jimmy Doolittle, kule New York, alipopaa, kuzunguka na kutua akiwa amefunikwa, kwa ala na redio peke yake. Na bado hali mbaya ya hewa haijaacha kutukumbusha. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya abiria aina ya ATR 42 ilianguka ndani ya Ziwa Victoria ikijaribu kutua Bukoba katika hali mbaya ya hewa. Watu 43 walikuwemo, 19 wakafariki, na wavuvi walikuwa miongoni mwa wa kwanza kufika kuokoa.

Nilipofikia

Hadi naandika haya nina saa 27 kati ya 40. Zilizobaki zinangoja pesa, na pesa yenyewe haitoki kwenye bumu, tusidanganyane. Ami amesema mwaka huu nimalize shahada kwanza. Sawa.

Wanaoniuliza kama nikipata IR nitaweza kufika Kigoma siku kama ile, nawajibu: pengine ndiyo, pengine hapana. Ningeruka juu kwa kimo kinachofaa, nikiwa na mafuta ya kutosha, nikashuka hadi kwenye kile kimo kilichoandikwa. Uwanja usipoonekana, ningerudi Tabora vilevile, na bibi angezikwa vilevile bila mimi. Ila ningerudi nikiwa nimepanga kurudi tangu nilipowasha injini.

Likizo iliyopita nilipanda ndege ya abiria kwenda nyumbani. Tulizunguka juu ya Kigoma, tukashuka ndani ya weupe, kisha injini zikanguruma tukapanda tena. Rubani akatangaza kwamba tunakwenda Mwanza kungoja hali iwe nzuri. Ndege nzima ikaguna. Mzee wa pembeni yangu, aliyekuwa na mzigo wake unamsubiri sokoni Mwanga, akafoka, "Marubani wa siku hizi waoga!"

Nikamwambia, "Mzee wangu, umeuona uwanja?"

"Sijauona."

"Na yeye hakuuona."

Akatazama dirishani, kweupe kote. Akafunga mkanda wake vizuri. "Basi mwache atupeleke Mwanza," akasema. "Mzigo hautaoza kwa siku moja."